Magunia Ishirini na Mawili

Mkurugenzi alisema: panga michezo. Nje, hewani.
Watu wacheke, wavisahau viti vyao.
Nikaenda sokoni La Vega kutafuta magunia.
Muuza viazi akaniuliza, "Mmeingia kilimo?"
"Hapana," nikamwambia, "sisi ni watu wa bima.
Tunataka kuruka."
Akanipa ishirini na mawili kwa bei ya kumi na manane,
maana mengine yalitobolewa na panya,
na mguu ukichomoza, basi, bahati ya mwenye mguu.

Kamba niliazima kwa zimamoto wa mtaani kwetu.
Mayai nilichemsha mwenyewe, usiku,
thelathini, katika sufuria ya mama;
yai bichi likipasukia kiatu cha mkurugenzi
nani atakipangusa?

Kando ya sufuria, mezani, palikuwa na karatasi mbili.
Moja: Wekundu na Buluu.
Ya pili siisomi hapa.
Ina majina saba na tarehe ya Jumatatu.
Mimi ndiye niliyezichapa zote,
mashine moja, wino mmoja,
na ile ya pili ilitoka safi zaidi.

Nilipanga, nikapangua.
Niwatawanye? Niwaweke pamoja?
Mwishowe saba wote nikawatia Wekundu
nikawaongezea Gumercindo wa ghala,
kilo mia na kumi, ashike mkia wa kamba.
Angalau washinde kitu, nilijiambia.
Angalau kamba.

Jumamosi milima ikajitokeza, theluji mpaka mabegani;
mvua ya Alhamisi ilikuwa imeosha moshi wa Santiago.
Bustanini, mbwa wa mtaani, mweusi, asiye na mwenyewe,
alijiandikisha bila kuuliza,
akaingia mbio za magunia
akamaliza wa pili.
Herminda wa hesabu, miaka sitini na mmoja,
alianguka mara tatu, akicheka kama anayekohoa,
na kila alipoanguka alilishika gunia kiunoni
kana kwamba ni gauni la harusi.
Jina la kwanza, Herminda.

Kisha kamba.
Gumercindo akazika visigino.
Wekundu wakavuta, Buluu wakavuta,
kamba ikatulia katikati, kama inasikiliza.
Halafu kiatu cha mtu kikateleza kwenye nyasi mbichi
na Wekundu wote, saba wangu wote,
wakaburutwa kwa matako, wakicheka.
Nilitia firimbi mdomoni. Nilitaka kusema kuna kosa.
Hapakuwa na kosa.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kitambaa:
mmoja afungwe macho, mwenziwe amwongoze kwa maneno tu
kati ya viti, ndoo na chupa za maji.
"Huu ni wa kuaminiana," nikatangaza.
Tukahesabiana. Witiri.
Aliyebaki bila mwenzi alikuwa Nolberto,
na aliyebaki na firimbi, mimi.

Jina la nne.
Nikamfunga macho kwa skafu yangu.
Shingo yake ilinukia sabuni ya mtoto mchanga.
"Usinifanyie hila," akasema.
"Nyoosha. Hatua mbili. Kushoto.
Inua mguu, kuna ndoo."
Akauinua juu mno, kama jogoo kwenye matope,
watu wakapiga makofi.
"Na sasa?"
Mbele yake palikuwa na nyasi tupu,
mstari wa chokaa,
na ng'ambo ya mstari, Jumatatu.
"Sasa hakuna kitu," nikasema. "Njoo tu."

Akaja. Mikono mbele, karibu akikimbia.
Alipovuka akavua skafu, akageuka kuitazama njia.
"Kumbe rahisi," akasema,
"ukiwa na mtu anayeona."
Akanirudishia skafu, ameikunja mara nne.

Walipoondoka nilihesabu magunia.
Ishirini na moja.
La mwisho alikuwa amelilalia yule mbwa,
pua ndani ya tundu la panya.
Nikavuta ncha. Akanguruma kidogo,
kwa adabu, bila kufumbua macho.
Nikamwachia.